Hatamu Mbili, Ngozi Moja

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba jozi hii ya hatamu ipite mkononi mwa kila mmoja wenu. Ipokee, ivute, ikunje, inuse ukitaka, kisha mpe jirani. Ina kasoro moja. Haiko kwenye mshono wala kwenye bizimu, nawaambia mapema msihangaike huko. Atakayeiona anyamaze mpaka irudi hapa mezani.

Haya, nayo ikizunguka, tuanze na neno lenyewe. Hatamu tunaitaja kila siku. Chama kimeshika hatamu, fulani amekabidhiwa hatamu za kampuni, kijana amechukua hatamu za nyumba mzee alipochoka. Ukiyasikiliza maneno hayo utadhani hatamu ina ncha moja tu, ile iliyo mkononi mwa mwenye kushika. Sisi washona ngozi tunajua kwamba ncha ya pili imo mdomoni mwa mnyama, na huyo hakuna aliyemuuliza. Mimi kazi yangu naipima kutoka kwenye ncha hiyo ya pili.

Neno tumelipata kwa Kiarabu, kwa watu wa ngamia, na kwao lilikuwa kamba ya kumwongozea ngamia. Sisi tumelitanua. Wapo wanaoita hatamu mikanda yote ya kichwani pamoja na lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni. Leo nikisema hatamu nakusudia ile mikanda miwili mirefu tu, inayotoka kwenye pete za lijamu hadi mikononi mwa mpandaji. Wengine huiita vigwe. Iteni mpendavyo.

Sasa huo mdomo. Farasi ana meno ya mbele ya kukatia majani, na ana magego nyuma ya kusagia. Katikati pana nafasi tupu. Dume huwa na chonge humo, lakini nafasi inabaki. Lijamu hukaa hapo. Ufizi wa mahali hapo ni mwembamba, na chini yake moja kwa moja ni mfupa wa taya. Pitisha ulimi kwenye ufizi wako mwenyewe, kisha fikiria chuma kimelazwa juu yake na mkanda umefungwa kila upande. Mkanda wa kulia ukiwa mfupi kuliko wa kushoto kwa kiasi kidogo tu, mpandaji ataweka mikono yake sawasawa kama alivyofundishwa, na farasi atasikia anaitwa kulia. Atageuza kichwa. Mpandaji atamrudisha. Atageuza tena. Wiki moja baadaye utasikia watu wanasema farasi huyu mkaidi.

Hili sikulisoma mahali. Jozi ya kwanza niliyouza nilikata mkanda mmoja karibu na mgongo wa ngozi, mkanda mzuri, mgumu, usio na alama. Nilipofika kwenye wa pili nikaingiwa na choyo. Nikasema kipande hiki kizuri nitakitunzia kazi nyingine, nikateremka chini kidogo, karibu na tumbo, nikakata huko. Juu ya meza mikanda ilikuwa sawa kabisa, upana sawa, urefu sawa, rangi moja. Nikaipaka nta, ikang'aa, nikapokea hela yangu.

Baada ya miezi miwili mwenyewe alirudi. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alifungua bizimu la katikati, akatundika mikanda yote miwili kwenye msumari mmoja, akarudi nyuma hatua moja. Mmoja ulining'inia chini kuliko mwenzake. Akaingiza vidole vitatu kwenye ile tofauti, vikatosha, akanitazama. Ndipo akaniambia kwamba alikuwa ameshabadilisha lijamu mara mbili, na alikuwa ameita mtu amkague farasi meno. Meno hayakuwa na shida. Shida ilikuwa tumbo la ng'ombe.

Kwa nini tumbo? Ngozi haifanani mwili mzima. Mgongoni nyuzi zake zimebanana, kwa sababu mahali hapo hapatanuki wala kukunjamana sana. Tumboni nyuzi zimelegea, kwani tumbo lazima lipanuke mnyama akishiba, na lipanuke zaidi akibeba ndama. Shingoni kuna mikunjo. Kwapani ngozi ni nyepesi kama kitambaa. Ngozi haisahau kazi iliyokuwa ikifanya mnyama akiwa hai. Iliyokuwa ikitanuka itatanuka tena mkononi mwako.

Kwa hiyo mikanda ya hatamu hukatwa kufuata uti wa mgongo, kwa urefu, na jozi moja hutoka kwenye mikanda miwili iliyolala ubavu kwa ubavu kwenye ngozi ileile. Isitoke kwenye ngozi mbili zinazofanana, au huku na kule kwenye ngozi moja. Ikae ubavu kwa ubavu, kama ndugu wa kitanda kimoja. Kisha kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Hata mkanda mmoja wa mgongoni haufanani mwanzo hadi mwisho. Upande wa mkia ni mnene na mgumu zaidi, upande wa shingo ni laini zaidi. Mimi huelekeza upande wa mkia kwenye lijamu, maana huko ndiko ngozi inakokunjwa, inakosuguana na chuma na inakolowa mate siku nzima. Upande wa shingo unakuja mkononi, na mkono unaupenda. Anayetaka kufanya kinyume afanye, ila afanye hivyo kwa mikanda yote miwili.

Nimetaja ngozi, lakini si kila ngozi iliyoiva, yaani iliyotengenezwa isioze, inafaa. Kuna ya kuivishwa kwa magome ya miti, ambayo tanini ya magome huingia polepole kwenye nyuzi na kuzishikamanisha. Kazi hiyo ni ya miezi. Huko Colyton, katika jimbo la Devon nchini Uingereza, kuna kiwanda ambacho mpaka leo kinatumia magome ya mwaloni, na ngozi nene hukaa kwao zaidi ya mwaka kabla haijatoka. Halafu kuna ya kuivishwa kwa chumvi za kromu, njia iliyoenea tangu mwisho wa karne ya 19, ambayo humaliza kwa muda mfupi sana. Sina ugomvi na kromu. Viatu vyangu hivi ni vya kromu. Lakini ukiifanya hatamu itavutika, na kingo zake hazikubali kusuguliwa zikafunga. Zitabaki na manyoya kama kamba ya katani. Muuzaji atakuapia kwamba ni ngozi halisi, na hasemi uongo. Muulize imeivishwa kwa kitu gani. Akibabaika, kunja kipande uangalie ukingo uliokatwa: ya magome huwa na rangi ya udongo hadi ndani, ya kromu mara nyingi huwa na ubuluu au ukijivu katikati.

Vipimo navipitia haraka. Hatamu ya kawaida ya farasi mkubwa, ile inayounganishwa katikati kwa bizimu, kila mkanda una urefu wa sentimita 137 hivi, upana kati ya milimita 13 na 19, unene milimita 3 hadi 4. Mwenye mikono midogo mpe nyembamba. Wachunga ng'ombe wa Marekani wanapenda mikanda miwili isiyounganishwa, mirefu ya mita 2.1 hadi 2.4, na hapo utatafuta ngozi ya ng'ombe mkubwa kwelikweli au ukubali kuweka kiungo. Kiungo kikipunguzwa unene kwa mshazari pande zote mbili na kushonwa vizuri si aibu. Hatamu za magari ya kukokotwa hazikwepi viungo.

Sasa tufike kwenye maji.

Wahenga walisema, ngozi ivute ili maji. Tumezoea kuusema huo kwa kuwalea watoto. Mimi nauchukua kama ulivyo, maana aliyeutunga alikuwa ameshika ngozi mkononi. Ngozi ikiwa kavu ukiivuta inakupinga, na ukizidisha inapasuka juu, upande wa manyoya. Ikiwa imelowa chepechepe inachuruzika maji tu. Iliyo sawa ni ile iliyonywa maji ikarudi kuanza kubadilika rangi: ulipoitoa kwenye ndoo ilikuwa ya kahawia iliyokolea, umeiacha mezani, sasa rangi yake ya mwanzo inarudi juu lakini ukiigusa shavuni bado ni baridi. Shavuni, ndiyo. Vidole vya fundi vimeota sugu na havijui baridi tena.

Wakati huo ndipo ninapoivuta. Nanunua ngozi ambayo bado haijalishwa mafuta, nakata mikanda kwa upana uliozidi kidogo, naacha na urefu wa ziada wa kiganja kimoja, nailowesha, kisha naitundika yote miwili kwenye boriti moja na kufunga chini yake uzito uleule. Si uzito wa kukadiria kwa macho. Naupima kwenye mizani. Inalala hivyo usiku kucha, inakaukia palepale. Asubuhi mkanda umerefuka na umepungua upana kidogo, na ulegevu uliokuwa nao umeutoa kwenye karakana badala ya kuutolea mdomoni mwa farasi. Mikanda miwili ikitofautiana zaidi ya kidogo asubuhi hiyo, siikati nikailinganisha. Najua imenidanganya mahali, itakwenda kuwa mikanda ya kufungia blanketi. Ile iliyofanana ndiyo napima, nakata kwa urefu wake wa mwisho, naondoa kona za kingo, nasugua kingo kwa turubai na nta mpaka zinang'aa kama jiwe la mtoni.

Hapo ndipo mafuta huingia. Wengi hupaka mafuta kabla, kisha wanalia ngozi haishiki umbo.

Mshono ndio sehemu watu wanayoipenda kuitazama, na kweli inapendeza. Hatamu nzima haishonwi. Hushonwa mahali inapokunjwa kushika pete ya lijamu, na kule kwenye bizimu. Sehemu fupi, lakini uhai wa mtu umefungwa hapo. Uzi ni wa kitani. Naukata mara nne ya urefu wa mshono na ziada kidogo, nazikwangua ncha zake kwa kisu zikawa nyembamba kama unywele wa mtoto, naupitisha kwenye donge la nta ya nyuki mpaka unatoa mlio, kwiii. Kila ncha inapata sindano yake, sindano butu. Mashimo hayatobolewi na sindano, yanatobolewa na msharasi, na msharasi wa kazi hii hauna ncha ya mviringo. Una pembe nne kama umbo la almasi, ili shimo likae mshazari na uzi ulale vizuri ndani yake.

Ngozi inabanwa kwenye kibano cha mbao kilichoshikwa kwa magoti. Mkono wa kulia una sindano na msharasi kwa pamoja. Ukiuweka chini kila mara hutamaliza leo. Unatoboa. Sindano ya kushoto inapita kwenda kulia. Unavuta nusu. Sindano ya kulia inapita shimo lilelile kwenda kushoto, nyuma ya uzi wa kwanza, bila kuuchoma. Ukiuchoma utajua, maana hautavutika. Kisha mikono yote miwili inavuta kwa nguvu moja, na unasikia uzi ukikaa. Shimo linalofuata liko milimita 3 mbele. Kwa sentimita 2.5 napata mishono 8, kwa kazi nyembamba 10. Kuzidi hapo ni kuigeuza ngozi kuwa karatasi ya stempu, ya kuchanika.

Mtu ataniuliza, mashine je? Mashine hushona kwa nyuzi mbili, mmoja juu, mmoja chini, zinazokutana katikati ya ngozi na kushikana. Uzi wa juu ukikatika sehemu moja, jirani zake huanza kulegea. Kwa sindano mbili, uzi ni mmoja unaopita kila shimo mara mbili. Ukikatika mahali, kila shimo lililobaki limeshika lenyewe. Sisemi mashine ni mbaya. Nasema kwamba mahali chuma kinaposugua ngozi kila siku, uzi utakatika siku moja, na swali ni nini kitatokea dakika kumi zinazofuata.

Hapo linaingia swali la nguvu, ambalo huulizwa kinyume. Watu huniambia, nitengenezee hatamu isiyokatika kamwe. Sitengenezi hiyo. Waendesha magari ya mashindano wa Roma ya kale walijifunga hatamu kiunoni ili wawavute farasi wanne kwa uzito wa mwili mzima, na wakabeba kisu cha kujikata gari likipinduka. Kisu hicho kilikuwa cha lazima kwa sababu hatamu haikukubali kukatika. Farasi akiikanyaga hatamu yake mwenyewe na kuinua kichwa kwa ghafla, kitu lazima kiachie, na ni afadhali iachie ngozi kuliko taya. Ndiyo maana sipendi nailoni mahali hapo, ingawa ni rahisi, inaoshwa na haiozi. Ya mpira juu ya ngozi naikubali kwa wanaoruka vizuizi na wanaokimbiza, maana ngozi tupu ikilowa jasho na mvua inateleza mkononi. Hata hiyo ndani yake iwe ngozi.

Kusuka ni fani nyingine. Mafundi wa nyanda za Pampas huko Argentina, na wale wa jadi ya Kihispania kule California, husuka hatamu kwa ngozi mbichi isiyoivishwa, nyuzi nane, kumi na mbili, kumi na sita, kila uzi umeparwa kwa kisu mpaka ukalingana na mwenzake. Nimejaribu nyuzi nane. Ilitoka kama mkia wa panya aliyegombana na paka. Nawavulia kofia na kurudi kwenye mikanda yangu.

Kuhusu kutunza nitasema machache tu. Jasho ni chumvi. Lifute siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye unyevu, kisha sabuni ya ngozi kidogo. Mafuta yasizidi, kwani ngozi iliyolewa mafuta inalegea na uzi wake unaoza. Ikilowa, ikauke kivulini, si jikoni. Maadui wake wakubwa ni joto na unyevu wakishirikiana. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lilipofunguliwa mwaka 1922, mbao na dhahabu za magari yake ya farasi zilikuwepo, lakini sehemu za ngozi nyingi zilikuwa zimegeuka kitu cheusi cha kunata, mfano wa gundi. Na kule milima ya Altai, kusini mwa Siberia, wanaakiolojia wa Kirusi walifukua makaburi ya kale ya mahali paitwapo Pazyryk mwaka 1929, wakarudi tena kati ya 1947 na 1949. Maji yalikuwa yameingia yakaganda, na barafu ikawahifadhi farasi pamoja na mikanda yao ya kichwani, zaidi ya miaka 2,000. Leo ipo kwenye jumba la makumbusho la Hermitage mjini St Petersburg. Sisemi muweke hatamu zenu kwenye friji. Nasema kabati lenye hewa linatosha.

Na kila mwezi fungua ile mikunjo ya lijamu uikunje kinyume, utazame ndani. Ukiona nyufa ndogo kama za tope lililokauka, au mshono mmoja umeinua kichwa, ilete kwa fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu ukuta wenyewe ni mfupa wa bega.

Naona jozi yangu imerudi. Wengi mmetazama mshono, pamoja na kwamba niliwaambia. Wengine mmeitundika mkaona urefu ni sawa. Ni sawa kweli. Binti uliyekaa karibu na dirisha, nimekuona umekunja ncha za lijamu mara mbili, ukarudia mara ya tatu ukiwa umefumba macho. Umeona kwamba moja inakunjika kama kitambaa na nyingine inagoma. Ndiyo hiyo. Mkanda mmoja nimeuweka mkia mbele, mwingine shingo mbele. Vimetoka ubavu kwa ubavu, vimevutwa kwa uzito mmoja, vimeshonwa na mkono huu wenye miaka ishirini na tatu kazini, na simu ililia nikiwa nimevilaza mezani, nikavigeuza. Mwezi uliopita hiyo, si zamani. Tangu siku hiyo nachora mkia kwa chaki nyuma ya kila mkanda kabla sijaulowesha.

Kwenye ndoo pale kuna mikanda miwili, nimeitumbukiza nilipokuwa nakuja kuzungumza. Imeshatosha. Binti, njoo mbele. Shika ncha hii, yenye alama ya chaki. Iguse shavuni kwanza. Bado ina maji mengi? Basi tungoje dakika chache, na wewe wa nyuma niletee ile mizani.